Namba za Simu

Hesabu haina mwisho, lakini namba za simu zina mwisho, na mwisho wenyewe u karibu kuliko watu wadhanivyo. Namba ya simu si jina tu, ni njia. Almon Strowger, mzishi wa maiti katika mji wa Kansas City, Marekani, alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu pasipo mkono wa mtu mwaka 1891. Katika mitambo ya namna hiyo, kila tarakimu ilisogeza mkono wa chuma hatua moja hadi kumi. Leo kazi hiyo hufanywa na kompyuta, lakini kichwa cha namba kingali huonyesha njia. Kwa hiyo hapana mtu awezaye kupewa namba ianzayo na 999, maana mtambo ungemfikisha kwa polisi kabla hajamaliza kubonyeza.

Kichwa cha 07 hapa Kenya hufuatwa na tarakimu 8, yaani namba 100,000,000. Ni nyingi! Lakini ziligawanywa kwa mafungu: 0722 kwa kampuni moja, 0733 kwa nyingine, kila fungu namba 1,000,000, wala aliyepungukiwa hawezi kuchota katika fungu la mwenziwe. Mwaka 2019 Mamlaka ya Mawasiliano ilifungua kichwa kipya cha 01. Kuongeza tarakimu kungaliwezekana, kwani mkataba wa mataifa waruhusu 15, nasi pamoja na 254 yetu twatumia 12 tu. Lakini fikiri vibao vya maduka na madaftari ya nchi nzima ambayo yangalipasa kuandikwa upya.

Njia nyingine ni kuchukua namba zilizonyamaza muda mrefu na kuziuza tena. Mimi hukaa Jericho, mashariki ya Nairobi, na laini niliyonunua ilikuwa ya namna hiyo. Siku ya tatu mama mzee alinipigia. "Mwanangu," alisema, "umekula?" Nilimjibu kwa heshima kuwa mimi siye. Alipiga tena kesho yake, na kesho kutwa, kwa sababu namba hiyo ndiyo pekee aliyokuwa nayo ya mwanawe, nayo imeandikwa kwa kalamu ukutani.

Silaumu kuuza namba tena. Nalaumu kwamba mama huyo hakuambiwa neno. Nilirudi dukani kuuliza mwenye namba wa kwanza ni nani. Muuzaji alisema siri za wateja hazitolewi, na naona alisema haki, ijapokuwa haki hiyo haikumfaa mama.

Alipopiga mara ya nne nilimweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama Jericho ni mbali na Kayole, maana huko ndiko mwanawe alikosema anakaa. Nikamwambia si mbali, nami nitauliza. Nimekwisha kwenda mara mbili.