Sehemu iliyoachwa wazi

Sisi tunaoandika programu tunajua kwamba kwenye hifadhidata sifuri na nafasi tupu ni vitu viwili tofauti. Sifuri ni jibu. Nafasi tupu maana yake hakuna aliyejibu. Kwenye programu ya duka ukichanganya hivyo viwili utapata hesabu mbovu ya sukari na unga. Kwenye wodi ya watoto mambo ni mazito zaidi.

Chukua faili ya mtoto aliyelazwa kwa nimonia. Imeandikwa: kikohozi siku tatu, homa. Basi. Je, kifua kilikuwa kikibonyea akivuta pumzi? Aliweza kunyonya? Hakuna neno. Huenda daktari alitazama akaona mtoto yuko sawa, huenda hakutazama kabisa. Muuguzi wa zamu ya usiku akiifungua faili hiyo hana njia ya kujua, na hakuna tarakilishi itakayomwambia.

Ndiyo maana navutiwa na kazi iliyoanza hapa Kenya mwaka 2013, mtandao wa hospitali uitwao Clinical Information Network, yaani CIN. Waliouunda ni Wizara ya Afya, Chama cha Madaktari wa Watoto, Chuo Kikuu cha Nairobi, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust na hospitali za kaunti zenyewe, kumi na kitu mwanzoni. Baadaye ukafika hadi wodi za watoto wachanga.

Wengi wangedhani walianza kwa kununua mitambo. La. Msingi wake ni karatasi! Fomu ya kumlaza mtoto ina maswali yaliyokwisha kuandikwa, na daktari anaweka alama: ndiyo au hapana. Ukiacha wazi, inaonekana umeacha wazi. Ukumbuke kwamba katika hospitali zetu nyingi anayempokea mtoto usiku ni tabibu au daktari aliye kwenye mafunzo ya kazini, ambaye baada ya miezi mitatu hivi anahamia idara nyingine na mgeni anachukua nafasi yake. Watu wanapita, fomu inabaki.

Mtoto akisharuhusiwa kwenda nyumbani, au akifariki, karani wa data huchukua faili na kuiingiza kwenye REDCap, programu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani. Kuna hatua za kukagua makosa, kisha data hutumwa Nairobi. Hadi hapo hakuna cha ajabu. Tangu mwaka 2011 nchi nzima ina DHIS2, nayo pia hupokea takwimu za hospitali kila mwezi. Lakini DHIS2 hukuambia wangapi waliugua na wangapi walifariki. Haikuambii kama mtoto huyu alipimwa uzito kabla ya kuandikiwa dawa, na kipimo cha dawa ya mtoto hutegemea uzito.

Utamu wa CIN ni kwamba takwimu hurudi. Kila baada ya miezi michache hospitali hupata ripoti yake na kuona inasimama wapi ikilinganishwa na wenzake. Madaktari wa watoto, wauguzi na maafisa wa kumbukumbu wa hospitali mbalimbali hukutana, wakaulizana: nyinyi mliwezaje? Swali hilo likitoka kwa mwenzako mwenye wodi iliyojaa kama yako, lina uzito kuliko waraka wa wizara. Mwaka 2016 mwongozo wa nimonia ulipobadilika, mtoto ambaye kifua kinabonyea bila dalili nyingine za hatari akawa anatibiwa kwa amoksilini ya kunywa badala ya sindano za penisilini kila baada ya saa sita. Mtandao uliweza kufuatilia kama madaktari wanabadilika kweli.

Tusidanganyane hata hivyo. Kilichoboreka upesi ni uandishi wa faili, na faili nadhifu haimponyi mtu. Matumizi ya kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni yaliongezeka kadiri miaka ilivyosonga, na hilo ni jambo kubwa, lakini kifaa hicho kikikuonyesha oksijeni imeshuka na mtungi ni mtupu, ripoti haisaidii kitu. Tena mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, wa wauguzi ukafuata 2017. Hakuna fomu inayoweza kuziba pengo la namna hiyo.

Linalonisumbua mimi zaidi ni makarani. Mtandao huu umekua kwa msaada wa fedha za utafiti, na fedha za utafiti huwa na tarehe ya kwisha. REDCap hailipishwi ada na vyuo na taasisi zilizojiunga nayo, na fomu ni shilingi chache za kupiga chapa. Karani anayekaa na yale mafaili kila siku anataka mshahara kila mwezi, na huyo ndiye anapaswa kuonekana kwenye bajeti ya kaunti kabla hatujazungumza habari ya kununua programu mpya.