Malipo ya Umashuhuri

Steven Kanumba, mchezaji filamu aliyependwa mno, alifariki nyumbani kwake Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, umri wake miaka 28. Huku kwetu Mbeya watoto wa chuoni, ambao majina ya Maswahaba huwaponyoka kila juma, wakatusimulia ugomvi wake na mpenziwe, Elizabeth Michael, kana kwamba walikuwamo chumbani! Mtu mashuhuri, twaona, huuza hata komeo la mlango wake.

Mahakama Kuu ilimhukumu binti yule Novemba 2017, kifungo cha miaka miwili, kwa kuua bila kukusudia. Barazani alikuwa amekwisha kuhukumiwa tangu Aprili ile, wala hapana aliyengoja kusikia ushahidi.