Ng'ombe Watano wa Mirathi

Wazazi wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, walituachia shamba la ekari 40 upande wa Kinango: mikorosho michache iliyozeeka, vichaka, na bwawa ambalo hukauka kila ifikapo Februari. Tu ndugu watatu, wanaume wawili na umbu letu aliye mkubwa wetu. Kwa sheria ya mirathi shamba lilikuwa mafungu matano, mawili kwa kila mwanamume na moja lake. Mnunuzi alikuwapo, na fedha alizotaja zilitutamanisha. Aliyekataa ni yule mwenye fungu dogo. "Likiuzwa," alisema, "nyinyi mtajenga, na mimi nitapewa fedha za kununulia makochi. Lifanyieni kazi shamba la baba, na hesabu iandikwe mbele yangu."

Mahindi huko huungua miaka mingi kuliko inayostawi. Ng'ombe wa maziwa hutaka maji mengi na mtu wa kuwashughulikia asubuhi na jioni, nasi sote twaishi Mombasa. Basi tukaazimia ng'ombe wa nyama. Mkopo wenye riba hatukuutaka. Kila mmoja alitoa fedha kwa kadiri ya fungu lake, tukanunua mitamba watano.

Tulichagua ng'ombe wa Kiorma, wenye nundu na miguu mirefu. Waorma, Waislamu wenzetu wa Mto Tana, wamewafuga katika nchi ya mbung'o kwa vizazi vingi. Majaribio yaliyofanywa katika ranchi ya Galana yalionyesha kwamba ng'ombe hawa hustahimili malale ya mifugo kuliko Waborana wenzao waliolelewa bara. Jambo hilo kwetu si dogo, maana msitu wa Shimba Hills hauko mbali, na mbung'o hawajui mpaka. Tumetundika pia mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi pembeni mwa malisho.

Lililotuumiza zaidi ni kupe. Ndigana kali huletwa na kupe wapendao kujificha masikioni. Mnyama hupandwa na homa, tezi zilizo chini ya masikio huvimba, kisha pumzi humwia nzito. Mtamba mmoja alitufia kwa ugonjwa huo katika mwezi wa pili, siku chache kabla ya daktari wa mifugo kufika na chanjo. Hasara iligawanywa kwa mafungu, na umbu letu akaiandika kwa kalamu nyekundu. Waliobaki walidungwa, na dawa ya kupe hunyunyizwa kila wiki bila kukosa.

Kabla ya kununua, mtu na afanye hesabu ya kiangazi. Ng'ombe wa kilo 300 hula karibu kilo saba na nusu za nyasi kavu kwa siku. Watano, kwa siku 90 ambazo malisho yamekwisha kabisa, watahitaji kilo 3,375. Na robota moja likiwa na kilo 15, hayo ni marobota 225. Yahifadhiwe wapi? Nani atayakata, tena masika, wakati kila mtu yu shambani kwake? Wengi hununua ng'ombe kwanza ndipo wakauliza. Nasi twasaidiwa na mabua ya jirani, kwa malipo.

Kisha kuna kungoja. Mtamba hubeba mimba miezi tisa na siku kadhaa, na ndama wake huhitaji miaka miwili na nusu, pengine mitatu, kufikia uzito wa kuuzwa. Ili pasiwe na ukame wa fedha, kila mwaka twanunua maksai wawili, tukawanenepesha kwa ajili ya Idi ya Mfunguo Tatu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, ng'ombe wa udhuhia awe ametimiza miaka miwili, wala asiwe chongo, kiguru, mgonjwa au aliyekonda mno. Naye hutosha watu saba. Lakini Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2025 iliangukia mwanzo wa Juni, nyasi zikiwa tele. Haitachukua muda mrefu kufika Aprili, kisha Machi, mwisho wa kiangazi, wakati ng'ombe wote wa pwani ni mbavu tupu. Mwenye nyasi ghalani siku hizo ndiye atakayeuza.

Zaka nayo ina njia mbili. Ng'ombe wa kuzaliana wanaojilishia malishoni hawana zaka hadi wafike 30. Hapo hutolewa ndama wa mwaka mmoja. Maksai wa kuuza ni bidhaa, na thamani yao huingia katika zaka ya biashara, mbili na nusu kwa mia. Mchungaji twamlipa mshahara wa mwezi. Desturi ya kumwahidi sehemu ya ndama watakaozaliwa wanazuoni wa Kishafi hawakuikubali, kwa kuwa ujira wake haujulikani. Maziwa twamwachia kwa ridhaa yetu tu.

Mwaka huu ndugu yetu mdogo alitaka mtamba auzwe apate karo ya mwanawe, naye mtamba ana mimba ya miezi saba. Maneno yalikuwa makali. Mwishowe umbu letu alifungua daftari, akasema atalinunua fungu moja la mifugo ya ndugu yetu kwa bei ya siku hiyo. Bei ilikadiriwa na mchinjaji wa sokoni asiyetufahamu. Karo ililipwa. Sasa umbu letu ana mafungu mawili ya mifugo, sawa na mimi, na ndugu yetu amebakiwa na moja. Ardhi ingali vile vile. Juzi ndugu yetu amepiga simu kuuliza kama mtamba amekwisha kuzaa.