Mwanao Asipimwe kwa Mchezo wa Siku Moja

Hapa kwetu Kigoma, mzazi mwenye kijana anayeujua mpira hawezi kulikwepa swali moja: je, huyu ataweza kuishi kwa miguu yake? Zamani swali hilo liliulizwa kwa mzaha barazani. Siku hizi linaulizwa kwa uzito. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, na Simba ikaifunga Yanga bao 1-0. Miaka miwili baadaye timu ya Mashujaa ilipanda Ligi Kuu, na uwanja huohuo ukawa nyumba yake. Vijana wetu, ambao baba zao waliwajua wachezaji wakubwa kwa kuwasikia redioni tu, sasa huwatazama kwa macho yao kwa nauli ya daladala. Hawawezi kulaumiwa kwa kuota.

Swali hilo lilinifikia mwaka 2024 kupitia kwa dada yangu anayeishi Mwandiga. Yeye huuza mawese na dagaa karibu na pale njia zinapoachana, moja ikielekea Kasulu na nyingine Manyovu, mpakani mwa Burundi. Mwanawe wa pili alikuwa na umri wa miaka 17, mwanafunzi wa kidato cha tatu, winga wa kulia wa timu ya shule. Baada ya mashindano ya shule za sekondari ya wilaya, alikuja bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa wakala wa wachezaji. Alisema amemtazama kijana katika mchezo mmoja, na huo mmoja umemtosha. Alitaka apande treni wiki ileile kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, akafanye majaribio katika klabu ambayo hakuitaja. Mama atie sahihi kwenye karatasi, atoe na fedha kidogo za kuandaa safari. Masomo, alisema, yatafuata hukohuko.

Dada akaniita, kwa kuwa nimefundisha michezo shuleni kwa miaka 22. "Kaka," aliniambia, "usinifurahishe wala usinitishe. Kama mtoto ana riziki yake huko, sitaki niwe mimi niliyemfungia mlango. Na kama hana, sitaki nimpoteze mjini. Nipimie."

Nilimwambia yule bwana kwamba atapata jibu baada ya wiki tatu. Hakupendezwa, lakini alikubali. Katika muda huo nilimtazama mpwa wangu katika michezo mitatu, nikiwa na daftari na kalamu. Ninaeleza hapa niliyoyatazama, kwa sababu naamini yako wazazi wengi wanaohitaji kipimo kama hicho na hawana wa kumwita.

Jambo la kwanza ni mwili na umri. Kati ya miaka 15 na 17 vijana hawakui kwa mwendo mmoja. Mmoja ameshaota ndevu na kifua kimetanuka. Mwenzake wa umri uleule bado ana sauti ya kitoto. Yule mkubwa atawasukuma wenzake na kufunga mabao, na watu watasema ana kipaji. Baada ya miaka miwili wenzake wanamfikia kwa kimo na nguvu, na kile kipaji hakionekani tena. Ubaya huzidi umri unapopunguzwa kwa makusudi. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana, Serengeti Boys, iliondolewa katika fainali za Afrika za walio chini ya miaka 17 kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Tangu mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana hao, FIFA imekuwa ikipima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ili kuwabaini waliozidi umri. Dada alinionyesha kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa. Kijana hakuwa na miaka ya kuficha, wala hakuwa mkubwa kuliko wenzake. Mbio zake, basi, zilikuwa mali yake mwenyewe. Nikaandika alama njema.

Jambo la pili ni macho. Mchezaji aliyeiva hutazama kushoto na kulia kabla mpira haujamfikia, ili ukifika awe tayari anajua aupeleke wapi. Katika mchezo wa kwanza, kwenye uwanja wa shule, mpwa wangu aliwapiga chenga walinzi hadi watu wakavua kofia kumshangilia. Mimi nilikuwa nikihesabu kitu kingine. Mara tano mwenzake alikuwa peke yake mbele ya lango, na mara zote tano kijana hakumwona, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamegandana na mpira. Hili hufundishika, lakini hufundishwa kwa miaka, na si kila mwalimu anajua kulifundisha.

Jambo la tatu ni moyo wakati mambo yanapokwenda kombo. Mchezo wa pili ulikuwa dhidi ya watu wazima, mafundi na waendesha bodaboda, ambao hawana huruma na watoto wa shule. Walimpiga buti, akaanguka, akainuka, akauomba mpira tena mahali palepale alipoumizwa. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia chenga zote. Katika mchezo wa tatu, Ujiji, mvua ikinyesha, mwalimu wao alimrudisha kucheza beki wa kulia baada ya mwenzake kuumia. Kwa dakika kumi alinuna, akatembea badala ya kukimbia. Kisha akatulia, akafanya kazi aliyopewa, na winga wa upande wa pili hakupita tena. Niliandika yote mawili, kununa na kutulia.

Jambo la nne halionekani uwanjani: analala saa ngapi, anakula nini, rafiki zake ni akina nani, humsikiliza nani akikosolewa. Hayo mama alinijibu vizuri kuliko kocha yeyote.

Ndugu msomaji huenda akasema kwamba macho ya mwalimu wa shule ni madogo mno kwa kazi hii. Naam, lakini hata macho makubwa hukosea. Kule Marekani wachezaji wengi hutoka katika vyuo, na kila mwaka timu za kulipwa huwachagua kwa zamu. Kabla ya uchaguzi hupimwa urefu, uzito, mbio na kuruka, na mikanda ya michezo yao hutazamwa usiku na mchana na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo tu. Hata hivyo, mwaka 2000, katika mpira wao wa Kimarekani, kijana Tom Brady aliachwa hadi wenzake 198 walipokwisha kuchaguliwa. Baadaye akatwaa ubingwa wa ligi yao mara saba.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa mpira wa kikapu. Mwaka 2009 ndugu yetu Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, akitoka Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa wa pili katika nchi nzima ya Marekani. Alikuwa na urefu wa mita 2.21, na urefu huo hauwezi kufundishwa na mtu yeyote. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi ile, na heshima hiyo haifutiki. Lakini kabla ya mwaka kwisha alipelekwa ligi ya chini kupata mazoezi zaidi. Aliyechaguliwa wa saba siku ileile, Stephen Curry, kijana mwembamba ambaye wengi walihofia mwili wake, ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa mchezo huo. Wapimaji walipima vizuri kile kinachopimika kwa futi. Kilichobaki hakikuwa na futi.

Na hapa nyumbani tunaye Juma Kaseja, mwana wa Kigoma. Kwa kimo hakuwa kipa wa kuwatisha washambuliaji. Mwaka 2003, akiwa kijana wa miaka 18, alisimama langoni mjini Cairo, Simba ikaitoa Zamalek, waliokuwa mabingwa wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 2019, miaka 16 baadaye, aliitwa tena timu ya taifa, na Tanzania ikaitoa Burundi kwa penalti katika kuwania Kombe la Dunia. Nani angeweza kuiona miaka hiyo 16 kwa kumtazama mvulana katika mchezo mmoja?

Baada ya kumpima kijana, niliipima karatasi. Haikutaja klabu. Haikutaja mshahara, matibabu akiumia, wala mahali pa kulala. Ilichotaja kwa ufasaha ni sehemu ya mapato itakayokwenda kwa wakala kwa miaka mingi. Wazazi wafahamu kwamba tangu mwaka 2023 FIFA inamtaka wakala awe na leseni, na hawezi kuzungumza na kijana aliye chini ya miaka 18 bila idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi wake. Wafahamu pia kwamba kumhamisha kijana wa umri huo kwenda klabu ya nchi nyingine kumekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa katika kanuni. Tena, mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha za mauzo hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kwa hiyo kijana aliyeandikishwa vema katika klabu ya nyumbani huacha nyuma yake haki ya waliomfundisha. Nilimwomba yule bwana anionyeshe leseni. Alisema ameisahau mjini.

Kisha nikafanya hesabu mbele ya dada. Ligi Kuu ina timu 16. Hata kila timu ikisajili wachezaji 30, hizo ni nafasi 480, na baadhi zinashikwa na wageni kutoka nchi nyingine. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61. Hata mwenye bahati ya kuipata nafasi hiyo, kwa kawaida mwili wake huanza kukataa akifika miaka 34 au 35. Baada ya hapo bado ana maisha marefu ya kulisha watoto.

Hukumu yangu niliitoa mbele ya kijana mwenyewe, kwa kuwa maisha ni yake. Nilimwambia: "Una mbio na una moyo. Macho yako bado hayajafunguka, na winga asiyeona wenzake hafiki mbali. Ukipata mwalimu mzuri kwa miaka miwili, naona unaweza kucheza daraja la chini ya Ligi Kuu, na huenda ukapanda. Leo hauko tayari." Aliinamisha kichwa. Halafu akauliza, "Mjomba, na nikisubiri, nani atakuja tena Mwandiga kunitazama?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na sikulijibu kwa maneno matupu. Tulikubaliana mambo matatu: amalize kidato cha nne, aandikishwe rasmi katika klabu ya mjini Kigoma yenye mwalimu aliyesomea kazi yake, na kila likizo mimi nimpeleke kwenye majaribio yanayotangazwa hadharani, ambako klabu inajulikana na mlango uko wazi. Yule bwana aliondoka na kijana mwingine wa mtaa wa pili. Hadi leo kijana huyo hajarudi, na wazazi wake hupata habari zake kwa shida.

Mpwa wangu alifanya mtihani wake Novemba 2025. Bado hajasajiliwa na timu ya Ligi Kuu, na huenda asisajiliwe kamwe. Amehamia ulinzi wa kulia kwa hiari yake, kwa kuwa kutoka nyuma anauona uwanja wote. Dada yangu bado huniuliza, hasa anapomsikia mtangazaji akilitaja jina la kijana wa umri wa mwanawe, kama mlango ule ulikuwa wa kweli. Humjibu kwamba mlango wa kweli una jina la klabu juu yake.

Wazazi wenzangu, msiwakataze vijana kucheza, wala msiwauze kwa sifa za jioni moja. Mtazameni mwanenu michezo mitatu kabla ya kusema neno, mmoja wapo akiwa anashindwa. Ombeni leseni, jina la klabu na mkataba unaosomeka, mkausome pamoja na mtu asiyelipwa na wakala. Cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule viwekeni sanduku moja, maana siku mlango ukifunguka kijana atavihitaji vyote viwili.