Mkono na Sahani ya Santuri

Sauti ya santuri huanza mahali padogo mno. Ndani ya mfuo wake mmechorwa mawimbi ambayo yaliyo madogo kabisa hayafikii sehemu ya elfu moja ya milimita, na sindano yatakiwa kuyafuata yote bila ya kuongeza wala kupunguza. Walakini sindano haina akili ya kuchagua: haijui mtikiso upi ni wa mwimbaji na upi ni wa mota. Kila kinachoitikisa huwa sauti.

Marehemu mjomba wangu, aliyekaa Tarime kando ya njia iendayo Sirari, alikuwa na kinanda cha santuri ambacho mkono wake ulifungwa kwa skrubu mbili juu ya ubao mwembamba wa sanduku, na sahani yake, pamoja na mota, juu ya bamba la chuma lililo mbali. Lori likipita, ubao ulitikisika kivyake na bamba kivyake. Tofauti ya mitikiso hiyo miwili ikawa ngurumo, nayo ngurumo hukaa chini, pale pale penye sauti nzito za ala. Jirani mmoja, mzee mpigaji wa litungu, aliitwa asikilize santuri ya litungu. Litungu la Wakuria lina nyuzi nane. Mzee alisikiliza hata mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Huyu mwenzangu uzi wake mnene ulikatika lini?"

Swali lile lilimwuma mjomba kuliko tusi. Mpigaji wa santuri ile alikuwa amekwisha kufa, na hapakuwa na namna nyingine ya kumsikia.

Dawa ilikuwa imekwisha patikana ng'ambo. Mwaka 1961 kampuni ya AR ya Marekani, kwa ubunifu wa Edgar Villchur, ilitoa mtambo ambao sahani na mkono vilifungwa juu ya chuma kimoja kilichoshikwa na springi tatu, na mota ikatengwa, ikivuta kwa mkanda wa mpira. Vikitikisika, hutikisika pamoja. Baina ya sindano na mfuo hausaliki mwendo ila ule wa santuri yenyewe. Wapo wanaosifu uzito kuliko springi. Sibishani nao, ila uzito ni shida kuupandisha basi.

Seremala wa mtaani alichonga ubao mmoja mnene wa mninga, akakaza humo mhimili wa sahani na shina la mkono, akaulaza juu ya vipande vya tyubu ya baiskeli. Mota akaiweka kando, ivute kwa mkanda. Asubuhi za baridi mkanda uliteleza, wimbo ukashuka kidogo. Mzee alirudi, akahesabu kwa vidole hata nane, kisha akasema kuwa uzi ule mnene haukukazwa vizuri.