Mama wa Mafaili

Siku mafuta yakikosekana mjini, mimi hutoka Carama hadi chuoni kwa miguu. Ofisi ya ajira ina watu wawili: mama wa mafaili na kijana anayetutafutia nafasi za mafunzo kazini. Wenzangu huwalaumu kwamba hawatoi kazi. Watoe wapi? Lakini mama aliisoma barua yangu ya Kifaransa mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, hii tuiandike na kwa Kiswahili." Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Dar es Salaam si wengi wasomao Kifaransa. Tukaiandika, sentensi kwa sentensi. Mkataba wake mwenyewe unakwisha mwezi ujao. Hakuniambia yeye, nimeambiwa na yule kijana.