Upepo, Joto na Dagaa

Wasomaji wetu waliozaliwa karibu na maji wajua ya kuwa mvuvi haulizi kwanza samaki wako wapi. Huuliza upepo watoka wapi. Desturi hiyo tuliikuta vile vile katika nchi iliyo mbali sana, huko Baja California, ule ulimi wa nchi ya Meksiko wenye urefu wa kilometa 1,200 hivi. Magharibi yake ni Bahari ya Pasifiki yenyewe. Mashariki ni Ghuba ya California, maji marefu membamba yaliyo kati ya ulimi ule na bara. Tulikaa majuma kadhaa pande za kusini-mashariki, katika pwani iitwayo Cabo del Este, iliyo kati ya La Paz na San José del Cabo, tukajifunza uvuvi wa nzi wa bandia katika maji ya chumvi.

Yafaa tueleze kwanza uvuvi wenyewe, maana kwetu si wengi wauonao. Hauna chambo wala chubwi. Ndoana huvikwa manyoya na nywele mpaka ifanane na dagaa, nayo huwa nyepesi hata haiwezi kurushwa mbali kwa uzito wake. Kirushwacho ni mshipi, ambao ni mnene na una uzito wake; mvuvi huupiga nyuma na mbele kwa ufito wa futi 9, hata unyoke hewani na kuichukua ndoana pamoja nao. Aliyekwisha kufahamu jambo hilo amefahamu pia kwa nini upepo ni hakimu. Upepo wa usoni huurudisha mshipi miguuni pa mwenyewe, na upepo wa upande wa mkono urushao huileta ndoana sikioni. Tulimwona mgeni mmoja ameketi juu ya ndoo, ameinamisha kichwa, huku mwenzake akimtoa ndoana ya kisogoni. Na hakuna aliyecheka, kwa kuwa kila mmoja alijua zamu yake yaweza kufika. Joto nalo lina neno lake. Mshipi uliotengenezwa kwa maji ya baridi, ukipata jua la huko, hulegea kama tambi zilizopikwa, ukagoma kupita katika pete za ufito. Ndiyo sababu hutengenezwa mishipi mingine, yenye moyo mgumu, kwa ajili ya bahari za joto.

Toka Novemba hata Machi hivi huvuma huko upepo wa kaskazini. Hewa nzito ya baridi hulala juu ya nyanda za magharibi ya Marekani, kisha hutafuta njia ya kushuka. Na ile ghuba, kwa kuwa ina milima pande zote mbili, huwa mfereji wake. Upepo huo hushika siku tatu, nne, pasipo kupumzika, na bahari yote ikawa nyeupe kwa povu. Mji mdogo wa Los Barriles hujaa wageni wapendao hali hiyo, wasimamao juu ya mbao na kuvutwa na tiara kubwa. Kwao ni neema. Mvuvi yeye hukaa barazani akinoa ndoana zilizokwisha kunolewa. Tena maji hupoa hata nyuzi 20 au 21 za sentigredi, na samaki wengi wa joto huondoka karibu na nchi.

Mwezi wa Mei mambo hugeuka. Upepo wa kaskazini hufa, maji hupanda mpaka nyuzi 28 na hata 30, na asubuhi bahari hulala shwari. Huko La Paz, jioni za majira hayo, huja upepo mwingine wa kuburudisha, uvukao nchi kavu kutoka Pasifiki, nao huitwa Coromuel. Wenyeji husimulia ya kuwa jina hilo latokana na haramia mmoja wa Kiingereza aliyeitwa Cromwell. Nasi tuliipokea kama hadithi, tukashukuru kwa baridi yake. Lakini maji yale yale ya joto yawaletayo samaki ndiyo yalishayo tufani. Usiku wa tarehe 14 Septemba 1914 haungekumbukwa na mtu huko, bali usiku wa tarehe hiyo mwaka 2014 kila mtu mzima aukumbuka: tufani iliyopewa jina la Odile ilipiga nchi karibu na Cabo San Lucas, ikaezua nyumba na kuangusha nguzo za umeme. Hata mvua ndogo kuliko hiyo huamsha makorongo makavu, yakamwaga matope baharini, na kwa siku kadhaa maji ya ufukoni huwa kama chai ya maziwa. Samaki awindaye kwa macho hawi na kazi hapo.

Na samaki atafutwaye kuliko wote huwinda kwa macho. Kwa Kihispania huitwa pez gallo, yaani samaki jogoo, kwa sababu ya miiba saba mirefu ya mgongoni. Akitulia huilaza, akikasirika huisimamisha nje ya maji kama kishungi. Hapatikani ila upande huu wa Pasifiki, toka California hata Peru, na mwaka 1960 alivuliwa mmoja La Paz mwenye uzito wa ratili 114, yaani kilo 51 na zaidi. Ili kumwona, jua lazima liwe juu. Mtu hutembea mchangani, mshipi amekwisha kuulegeza, macho yako majini, hata aone kivuli kijivu kikipita pale wimbi livunjikapo. Ndipo hukimbia ampite, akarusha mbele yake, akavuta kwa mikono miwili kwa haraka yote aliyo nayo. Samaki hufuata, kishungi kimesimama, kisha aghalabu hugeuka akaenda zake. Tulifuatwa hivyo mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu.

Mashua za pwani ile huitwa panga, jina lililotuchekesha sisi tujuao panga kuwa chombo cha kufyekea. Nahodha wa panga yetu alikuwa mtu wa makamo, mwana wa mvuvi wa nyavu, naye alituita maestro, maana yake mwalimu. Kila alfajiri alikwenda kwanza kwa muuza dagaa walio hai, akajaza tangi lake. Na tufikapo mahali pa kuvua, aliwatupa mmoja mmoja majini mpaka samaki wakubwa wakapanda juu, ndipo sisi tukarusha manyoya yetu katikati yao. Basi ule ustadi wa nzi wa bandia usifiwao sana katika vitabu, mara nyingi hutegemea ndoo ya dagaa wa kweli. Siku moja upepo ulipoanza tukanung'unika, alitujibu, "Maestro, upepo utaondoka wenyewe. Mimi nauliza dagaa."

Maneno hayo yalitufanya tuulize zaidi. Sheria ya uvuvi ya Meksiko huwaweka samaki jogoo, fulusi, nduwaro na jamaa zao wachache kwa ajili ya wavuao kwa mchezo tu, katika maili 50 za bahari toka pwani. Twasema wazi ya kuwa kwa masikio yetu ni neno zito, mwenyeji kukatazwa kuuza fulusi ambaye mgeni aruhusiwa kumvua kwa furaha yake. Nahodha hakuliona hivyo. Samaki jogoo mmoja, alisema, hurudishwa majini akiwa hai, na kesho humlipa yeye, na muuza dagaa, na mpishi wa nyumba ya wageni. Walakini kifungu hicho humtaja mla, hakimtaji mliwa. Na dagaa wakikosa kuja ufukoni, hakuna sheria iwezayo kumwita jogoo awafuate.

Alitupeleka tuone Cabo Pulmo, penye mwamba wa matumbawe, kitu kilicho nadra katika ghuba ile. Wazee wa hapo walivua mpaka samaki wakawa haba; kisha jamaa zile zile, wakisaidiwa na waalimu wa chuo kikuu cha La Paz, wakaiomba serikali ifunge maji yao, na mwaka 1995 pakatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Wataalamu waliopima mwaka 1999 wakapima tena mwaka 2009 waliona uzito wa samaki umeongezeka kwa asilimia 460 na zaidi.

Tulipokaribia mpaka nahodha alituamuru tuvunje fito na kuzifunga, akapunguza mashine. Chini yetu kolekole walizunguka kwa mamia, kundi moja zito lililotia giza mchanga. Asubuhi ile hapakuwa na upepo wala wingu. Kando ya kundi lile dagaa walitawanyika kuelekea kaskazini, nje ya mpaka, na nahodha akasimama wima juu ya tangi lake, mkono juu ya macho, akiwafuata kwa macho mpaka wakapotea katika mng'ao wa jua.